Kabla ya Kulipa Karo: Jinsi ya Kumchagulia Kijana Chuo cha Ufundi



Mzee akienda sokoni Chwele au Kimilili kununua ng'ombe, hanunui kwa kusikia. Humzunguka mara mbili tatu, humfungua mdomo atazame meno, humshika kiwele, humtembeza aone kama anachechemea. Halafu huuliza, "Huyu ametoka boma la nani?" Asubuhi nzima inaweza kuisha kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Lakini mzee huyo huyo, mtoto wake akimaliza kidato cha nne na gredi ya D, atasoma bango lililobandikwa kwenye mlingoti wa stima pale stendi ya Kitale, apige simu, na Jumatatu atume karo kwa M-Pesa. Chuo chenyewe hajakiona. Hajui ni nani atamtahini mtoto wake wala cheti kitatoka wapi.

Hatusemi hivyo kwa kumcheka mtu. Sisi wenyewe tulifanya hivyo, na ndiyo sababu tumeandika somo hili. Ni la wazazi, walezi, vijana wenyewe na viongozi wa jumuiya ambao hukusanya michango ya karo. Lisomeni pamoja. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumzia katika kikundi.

JAMBO LILILOTUPATA

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na kijana yatima aliyelelewa na nyanya yake, upande wa Tongaren. Alipenda mambo ya stima tangu utoto. Jumuiya ilichanga: huyu alitoa kuku, yule gorogoro mbili za maharagwe, mwingine shilingi mia mbili. Pesa zikaletwa ofisini kwetu, tukaambiwa, "Ninyi mnajua mambo ya shule, mtafutieni mahali."

Tukamtafutia. Chuo kilikuwa mjini, ghorofa ya pili, kina rangi mpya na kompyuta mezani. Mkuu wake alizungumza vizuri sana. Tulikaa pale dakika ishirini, tukalipa. Chuo hicho hatutakitaja, maana kosa tunalotaka kulisema hapa ni letu.

Kijana alisoma mwaka mzima, akapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Alipokwenda kutafuta kazi kwa mkandarasi mmoja, aliulizwa, "Uko Grade ngapi?" Akatoa kile cheti. Mkandarasi akakitazama, akakigeuza nyuma, akamrudishia. "Kijana, hii ni karatasi ya shule yenu. Mtihani ulifanyia wapi?"

Mtihani hakuwa amefanya. Kumbe hakuna aliyemsajili. Alirudi ofisini kwetu akaweka cheti juu ya meza, hakusema neno. Siku iliyofuata nyanya yake alikuja. Tulimwambia, "Kukhu, tusamehe." Akajibu polepole, "Wanangu, mimi sikusoma. Ninyi ndio mlisoma, na ninyi ndio mlimchagulia."

Maneno hayo hatujayasahau. Yaliyompata baadaye kijana huyo tutayasema mwishoni. Kwanza tutazame hatua ambazo tulipaswa kuzifuata na hatukuzifuata.

HATUA YA KWANZA: KAZI KWANZA, CHUO BAADAYE

Wazazi wengi wakija kwetu huuliza, "Ni chuo gani kizuri?" Swali hilo limekuja mapema. Swali la kwanza ni hili: mtoto huyu atafanya kazi gani, na ni nani atakayemlipa kwa kazi hiyo?

Tembeeni katika soko lenu mkiwa na daftari. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Kuna matrekta, majembe ya kukokotwa, mashine za kupukuchua na posho mill kila kituo. Vitu hivyo vyote huharibika. Ni nani anayevitengeneza? Watu hungoja fundi kwa siku ngapi? Kule Bungoma hesabuni nyumba za matofali zinazojengwa kando ya barabara. Kila nyumba inataka mwashi, fundi wa mabomba, fundi wa stima, na mtu wa kuchomelea milango na madirisha. Halafu hesabuni saluni na vibanda vya kushona. Kama kituo kidogo kina vyerehani kumi na viwili na wateja ni wale wale, cherehani cha kumi na tatu kitakula nini? Labda kiwe cha mtu anayejua kushona sare za shule kwa wingi, au suti, jambo ambalo wale wengine hawajui.

Angalieni pia kama ujuzi wenyewe unabebeka. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofunga milango mwaka 2009, tuliona tofauti. Fundi aliyejua mashine moja tu ya kiwanda alirudi shambani. Yule aliyejua kuchomelea, kufunga mota na kutengeneza pampu alifungua kibanda chake kando ya barabara. Ujuzi wa msingi ulio mpana haufi pamoja na kiwanda kimoja.

Halafu muulizeni mtoto mwenyewe. Msimuulize mezani mbele ya wajomba wote, maana atajibu kile mnachotaka kusikia. Mpelekeni kwa fundi anayeaminika, akae wiki mbili akishika vyombo na kufagia karakana. Akirudi jioni amechoka lakini anasimulia, hiyo ni dalili njema. Akianza kutafuta sababu za kutokwenda, mmeokoa karo ya mwaka mzima.

Jambo moja zaidi. Msimpeleke mtoto chuo cha ufundi kama adhabu. Tumesikia baba akisema mbele ya mtoto, "Huyu alianguka, wacha aende politekniki." Mtoto aliyeambiwa hivyo huingia karakana ameinamisha kichwa. Politekniki za vijiji zilianza hapa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya makanisa, mwaka 1966, kuuliza waziwazi: watoto wanaomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari watafanya nini? Zilianzishwa ziwe mlango wa vijana hao. Zisigeuzwe jalala.

HATUA YA PILI: CHETI NI CHA NANI?

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Shikeni neno hili: chuo hufundisha, lakini cheti chenye nguvu hutoka kwa anayetahini. Karatasi ambayo chuo hujiandikia chenyewe inasema tu kwamba mtoto alikuwa pale. Haisemi kwamba anaijua kazi.

Kwa ngazi za chini za ufundi hapa Kenya, mtasikia majina haya:

1. NITA. Hii ni mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Wazee wanaijua kwa jina la zamani, DIT. Jina lilibadilika kwa sheria ya mwaka 2011. Ndiyo inayotoa mitihani ya Trade Test. Mtu huanza na Grade III, halafu Grade II, halafu Grade I. Mtihani ni wa vitendo pamoja na maswali, na hata fundi aliyejifunzia jua kali bila kuingia darasani anaweza kuufanya.

2. TVET CDACC. Baraza hili liliundwa na sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2013. Linashughulikia mitaala mipya ambayo mwanafunzi hupimwa kwa yale anayoweza kufanya. Ngazi zake huitwa Level: Level 3 ni ya msingi, Level 4 ni artisan, Level 5 ni craft, Level 6 ni diploma. Mwanafunzi huweka jalada la kazi alizozifanya, na jalada hilo ni sehemu ya kupimwa kwake.

3. KNEC. Baraza la mitihani ambalo sote tunalijua kwa KCSE. Kwa miaka mingi ndilo lililotahini artisan na craft, kwa hivyo mafundi wengi wana vyeti vyake.

Mkifika chuoni ulizeni bila kuogopa: "Kozi hii inatahiniwa na nani? Ni ya ngazi gani? Mtamsajili mtoto mwezi gani? Ada ya mtihani ni ngapi, na tutapewa risiti?" Chuo kizuri hujibu maswali hayo kwa dakika mbili. Mkiambiwa, "Msijali, mambo ya mtihani tutaangalia baadaye," basi anzeni kujali.

Angalieni pia gredi ya kuingilia. Kwa kawaida diploma hudai C- ya KCSE, craft hudai D, na artisan hupokea hata mwenye E. Vituo vya ufundi vya kaunti hupokea hata aliyeishia kidato cha pili, au aliyefanya KCPE kabla mtihani huo haujafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa, mtoto ana D- na chuo kinampa nafasi ya diploma siku hiyo hiyo, bila ngazi ya kuanzia. Jiulizeni diploma hiyo itatambuliwa na nani. Afadhali aanze chini na apande. Mwenye artisan anaweza kuendelea na craft, na mwenye craft anaweza kufika diploma. Ngazi ya kweli hata ikiwa ya chini ina ngazi nyingine juu yake.

Wengine husema, "Cheti cha nini? Fundi ni mikono." Ni kweli mikono ndiyo inayolisha. Lakini ombeni kazi ya kuweka stima katika shule au zahanati, mtaulizwa makaratasi. Fundi wa stima anayetaka kuweka nyaya za nyumba kwa jina lake mwenyewe anatakiwa awe na leseni ya EPRA, na leseni hiyo haiombwi kwa maneno matupu. Bila cheti kinachotambuliwa atabaki kibarua wa fundi mwingine siku zote, hata kama anajua kazi kumzidi.

HATUA YA TATU: LESENI YA CHUO

Vyuo vya ufundi vya umma na vya watu binafsi vinatakiwa viwe na kibali cha TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ile ile ya mwaka 2013. Kibali hicho huwekwa ukutani ofisini. Ombeni kukiona. Kisha someni mambo matatu: jina la chuo, tarehe, na kozi.

Jina liwe lile lile la kwenye bango, na mahali pawe pale pale mliposimama. Kuna chuo kinaweza kuwa na kibali Eldoret na kikafungua tawi Kitale ambalo halina. Tarehe iwe haijapita. Na kozi, hapo ndipo watu wengi wanapotegwa. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha ushonaji na kompyuta, lakini kinafundisha pia stima ambayo hakikupewa ruhusa. Kwa hivyo msiulize tu, "Mna kibali?" Ulizeni, "Mna kibali cha kozi hii?"

TVETA huweka orodha ya vyuo vilivyokubaliwa kwenye mtandao. Asiye na simu ya kuingia mtandao aende saiba, au aje parokiani, tutatazama pamoja. Walimu wa ufundi pia wanatakiwa wawe wamesajiliwa na mamlaka hiyo.

Msisahau vyuo vya umma vilivyo karibu nasi kwa sababu tu havina mabango mengi. Kitale kuna Kitale National Polytechnic, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2016. Bungoma kuna Sang'alo, na upande wa Kimilili kuna Matili. Chini ya hivyo kuna vituo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyozoea kuviita village polytechnic, ambavyo katiba ya mwaka 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Kuna pia vituo vya makanisa. Hata hivyo vyote, vya serikali na vya kanisa, visikubaliwe kwa jina tu. Vikaguliwe vile vile. Kituo kikiwa chetu, tuna haki zaidi ya kukiuliza maswali.

HATUA YA NNE: NENDENI MKAONE

Nendeni siku ya masomo, asubuhi, bila kupiga simu kwanza. Nendeni wawili au watatu, na kijana mwenyewe awepo. Ikiwezekana mchukueni fundi wa kijijini anayeijua kazi hiyo. Jicho lake litaona kile ambacho sisi hatuoni.

Mtapokelewa ofisini. Shukuruni, halafu ombeni kuona karakana. Huko tazameni hivi:

• Hesabuni mashine na hesabuni wanafunzi. Vyerehani vitano kwa wanafunzi arobaini maana yake mtoto atashona kwa zamu, labda mara moja kwa wiki.

• Gusa mashine. Ina vumbi au ina mafuta? Mashine inayotumika hujulikana.

• Zunguka nyuma ya karakana utazame takataka. Pale wanapofanya kazi kweli kuna randa za mbao, vipande vya vyuma, vipande vya vitambaa, tofali zilizovunjwa baada ya kujengwa. Nyuma pakiwa safi kama uwanja wa kanisa, jiulize wanajifunza nini.

• Salimieni wanafunzi kwa mkono na mtazame mikono yao. Daftari likiwa limejaa na mkono ni laini, hapo kuna masomo ya ubao tu.

• Ulizeni mwalimu: kwa wiki, siku ngapi ni za karakana na ngapi ni za darasa?

• Ulizeni juu ya mazoezi ya kazini, yale vijana wanaita atachimenti. Chuo kinawatafutia nafasi au kila mtu anajitafutia? Mwalimu huwatembelea huko?

Halafu ombeni majina mawili ya vijana waliomaliza mwaka jana, muwatafute. Muulizeni kila mmoja: mtihani ulifanya? Cheti ulikipata baada ya miezi mingapi? Sasa unafanya kazi gani? Maneno ya kijana aliyetoka pale yana uzito kuliko maneno ya mkuu wa chuo, hata akiwa na tai nzuri.

Tulijaribu hatua hii na mama mmoja wa Kwanza. Alikuwa ameshauza ndama, pesa iko tayari. Tulipofika karakana ya chuo alichokitaka tulikuta kufuli. Mlinzi akasema, "Ufunguo uko na mwalimu, na mwalimu hajakuja tangu Jumatano." Siku ile ilikuwa Jumanne. Mama akatutazama akasema, "Basi twendeni nyumbani." Ndama wake alisomesha mtoto mahali pengine.

HATUA YA TANO: PIGENI HESABU YOTE

Bango huandika karo peke yake. Gharama nyingine hujitokeza mtoto akiwa ameshaingia, na hapo ndipo wengi huacha masomo nusu. Tuchukue mfano. Si bei ya chuo chochote, ni mfano wa kujifunzia hesabu.

Chuo A karo yake ni shilingi 8,000 kwa muhula, yaani 24,000 kwa mwaka. Vifaa vya kazi mnajinunulia, 6,000. Overoli na viatu 3,500. Ada ya mtihani 4,500. Nauli ni shilingi 100 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 12 kwa muhula, mihula mitatu, inafika 18,000. Jumla ni shilingi 56,000. Ukiuza gunia la mahindi kwa shilingi 3,500, hayo ni magunia 16. Na wewe ulikuwa umefikiria magunia saba.

Chuo B karo yake ni 11,000 kwa muhula, yaani 33,000 kwa mwaka. Lakini vifaa vya kujifunzia ni vya chuo, na mtoto anatembea kwa miguu. Ongeza overoli na viatu 3,500 na mtihani 4,500. Jumla ni 41,000, karibu magunia 12. Kumbe kile chuo cha karo kubwa ndicho rahisi.

Ulizeni pia msaada. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, serikali kuu ilikuwa ikipitishia kaunti ruzuku ya shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kituo cha ufundi cha umma. Mambo ya ruzuku hubadilika na bajeti, kwa hivyo ulizeni kituoni hali ikoje kwa mwaka huu. Kuna basari za kaunti na za eneo bunge. Fomu zake zinataka kujazwa mapema, si mtoto akiwa ameshafukuzwa. HELB nayo huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya umma. Ulizeni kama kozi na ngazi ya mtoto inakubaliwa. Na mkumbuke kwamba mkopo ni deni.

Lipeni kwa benki au kwa namba ya malipo ya chuo, na mdai risiti. Msitume karo kwa simu ya mtu binafsi, hata akisema yeye ndiye mhasibu.

NENO JUU YA MABINTI

Binti mmoja wa kwetu alitaka kuchomelea vyuma. Baba yake alisema, "Si kazi ya msichana. Aende ushonaji." Tuliketi nao chini ya mwembe. Hatukumgombeza baba. Tulimuuliza tu, "Mzee, hapa kituoni vyerehani ni vingapi?" Akahesabu, vikafika tisa. "Na wachomeleaji?" Akasema, "Mmoja. Na ni mwongo, lango langu amelikalia mwezi wa pili sasa." Akanyamaza, halafu akacheka mwenyewe. Binti alikwenda kujifunza kuchomelea.

Si kila binti anataka vyuma, na ushonaji si kazi duni. Tunachosema ni kwamba hesabu ile ile ya soko ifanyiwe msichana kama mvulana. Kwa binti ongezeni maswali haya: Atalala wapi? Mlango wa bweni unafungwa kwa ndani? Choo cha wasichana kiko peke yake? Akipatwa na neno baya kwa mwalimu au mwanafunzi, atamwambia nani? Je, kuna mwalimu wa kike? Na kama ameshazaa, ulizeni kama kituo kinampokea na kama ratiba itamruhusu kunyonyesha. Mama mdogo aliyerudi kusoma ana sababu kubwa ya kumaliza kuliko wengi. Asifungiwe mlango kwa sababu ya mtoto.

KAMA MMESHAKOSEA

Sasa turudi kwa yule kijana wetu. Hatukuweza kumrudishia mwaka wake. Tulichofanya ni kumpeleka kwa fundi mzee wa stima, mtu mwenye vyeti vyake, tukamwomba amchukue. Alifanya kazi kwake miezi minane. Fundi yule alimfundisha upya mambo mengi. Alisema kijana anajua majina ya vitu lakini mkono wake haujui njia. Halafu tulimlipia ada ya mtihani wa NITA, tukahakikisha kwa macho yetu kwamba jina lake limo katika orodha ya watahiniwa. Akafanya Grade III, akapita.

Alipopata matokeo hakuja ofisini kwanza. Alikwenda kwa nyanya yake akamsomea karatasi ile. Kukhu akamwambia, "Soma tena pale penye jina lako."

Kwa hivyo, mzazi ambaye mtoto wake ana karatasi isiyotambulika asikate tamaa. Ujuzi wowote alioupata si bure. Atafutiwe mahali pa kazi, ajifunze, halafu asajiliwe kwa mtihani unaotambuliwa. Lakini ni njia ndefu, na sisi tuliigharamia kwa pesa za kuku na maharagwe ya watu maskini. Wewe unayesoma leo unaweza kuikwepa kwa nauli ya siku moja na maswali machache.

YA KUKATA NA KUWEKA MFUKONI

1. Kazi hii ina wateja kwetu?
2. Kijana ameionja kwa wiki mbili?
3. Ni nani anatahini, na ni ngazi gani?
4. Kibali cha TVETA: jina, tarehe, kozi.
5. Karakana tumeiona ikifanya kazi?
6. Tumezungumza na wawili waliomaliza?
7. Jumla ya gharama ya mwaka ni ngapi, na itatoka wapi?

Swali moja likikosa jibu, pesa zibaki nyumbani mpaka jibu lipatikane.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mmoja asome ile habari ya kijana wa stima kwa sauti. Kisha mzungumze, kila mtu apewe nafasi, na vijana waanze.

1. Katika habari hii tumeona nini? Ni nani waliokosea, na wapi?
2. Je, jambo kama hili limetokea kwetu? Bila kutaja majina, lilitokeaje?
3. Kwa nini tunamkagua ng'ombe kuliko chuo cha mtoto?
4. Katika kituo chetu cha soko, ni kazi zipi zinakosa fundi? Watu watatu wachaguliwe kwenda kuhesabu, walete majibu mkutano ujao.
5. Nani kati yetu ana cheti cha Trade Test, na yuko tayari kumpokea kijana kwa wiki mbili ajaribu kazi?
6. Kabla ya muhula ujao tutatembelea chuo gani, lini, na nani atakwenda?

Majibu ya swali la nne na la sita myaandike na kuyaleta ofisini. Tukipata majibu ya jumuiya nyingi, tutayachapa katika toleo lijalo, ili mzazi wa Endebess ajue kile ambacho mzazi wa Bumula amekiona kwa macho yake.